Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Mwanafunzi Aliyelishwa na Meza za Watu

Kila tarehe 31 Julai Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, padre na mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Wengi wetu tunamfahamu kama askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga pale Pamplona mwaka 1521, akaongoka akiwa kitandani kwa kusoma maisha ya Kristo na ya watakatifu. Tunamfahamu pia kwa Mazoezi ya Kiroho, ambayo hadi leo yanawasaidia mapadre, watawa na walei kuyatafuta mapenzi ya Mungu.

Ipo sehemu ya maisha yake ambayo husimuliwa haraka haraka. Ni ile miaka 11, kuanzia 1524 hadi 1535, alipokuwa mwanafunzi mbali na kwao. Katika miaka hiyo hakuwa na shamba wala mshahara. Alikula alichopewa: katika nyumba za wafanyabiashara, katika bwalo la watawa, kwa msomi maarufu, na katika nyumba za kuwahifadhi maskini. Tumeona vema kumtazama kutoka upande huo, kwa sababu nasi waseminari tunaishi kwa ukarimu wa watu, na ninyi waamini ndio mnaotukaribisha.

Meza ya kwanza Barcelona

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 huko Azpeitia, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Jina lake la ubatizo lilikuwa Iñigo, na familia yake ilikuwa ya kikabaila, yenye ngome na watumishi. Mtoto wa ukoo kama huo hakulelewa kusubiri sahani ya mtu mwingine. Lakini baada ya kuongoka alimpa maskini nguo zake nzuri, akavaa vazi la hujaji, akakaa Manresa karibu mwaka mzima akisali na kuomba mkate mlango kwa mlango.

Mwaka 1523 alifika Barcelona akitafuta chombo cha kumvusha kwenda Italia, ili aendelee hadi Yerusalemu. Inasimuliwa kwamba siku moja mama mmoja aitwaye Isabel Roser alimwona kanisani, ameketi pamoja na watoto karibu na altare, akisikiliza mahubiri. Kuna kitu katika uso wake kilichomgusa mama huyo. Alipofika nyumbani alimweleza mumewe, wakatuma watu wamtafute, wakamkaribisha chakula. Walikuwa watu wenye uwezo, na mgeni wao alikuwa na vumbi la njiani. Walikula, kisha wakamsikiliza akizungumza habari za Mungu. Walipojua kwamba amekwisha kupata nafasi katika chombo kimoja kidogo, walimsihi asipande, asubiri meli kubwa zaidi. Inasemekana kile chombo kidogo kilizama kabla hakijafika mbali na mji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii aliyepona alikuwa mgeni.

Huko Yerusalemu Inyasi alitamani kubaki maisha yake yote, lakini Wafransisko waliokuwa na dhamana juu ya mahali patakatifu hawakumruhusu. Akarudi, na njiani akajiuliza afanye nini. Akaona kwamba ili aweze kuzisaidia roho za watu, ni lazima asome. Mwaka 1524 alikuwa tena Barcelona, akiwa na umri wa miaka 33, akijifunza sarufi ya Kilatini pamoja na watoto. Mwalimu Jerónimo Ardèvol alikubali kumfundisha bila malipo, na Isabel Roser akakubali kumsaidia mahitaji yake. Mama mwingine, Inés Pascual, ambaye alimfahamu tangu siku za Manresa, akampa chumba nyumbani kwake.

Katika nyumba hiyo alikuwamo kijana wa mama Inés, aitwaye Juan. Miaka mingi baadaye Juan alitoa ushuhuda juu ya mgeni aliyekaa kwao: jinsi alivyosali usiku wakati wengine wamelala, na jinsi alivyokuwa akigawa kwa maskini sehemu nzuri ya alichopata kwa kuomba. Mtu akikaa ugenini huwa anadhani anayemtazama ni baba na mama wa nyumba tu. Kumbe watoto nao wanatazama, na kumbukumbu zao ni ndefu.

Adabu ya mezani

Tangu alipokuwa Manresa, Inyasi alikuwa na desturi moja kila alipoalikwa kula. Alipokuwa mezani hakuzungumza, isipokuwa kujibu kwa kifupi alipoulizwa. Aliwasikiliza wenyeji wakizungumza mambo yao, akashika moyoni yale ambayo yangeweza kumpa nafasi ya kumtaja Mungu. Chakula kilipokwisha, ndipo aliposema, na alianzia pale walipoishia wao.

Tuitafakari desturi hiyo. Inyasi hakuja mezani na hotuba iliyoandaliwa chumbani. Aliwaacha watu waseme kwanza: bei ya bidhaa, ugonjwa wa mtoto, ugomvi wa majirani, hofu ya kesho. Hayo ndiyo yaliyokuwa mlango wake. Mtu aliyesikilizwa kwa saa nzima naye huwa tayari kusikiliza kwa dakika chache. Wengi wetu hufanya kinyume: tunafika, tunabariki chakula, tunasema sisi tangu mwanzo hadi mwisho, na tunaondoka bila kujua kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mgonjwa chumba cha pili.

Hapo hapo Barcelona alijifunza jambo jingine. Kila alipoanza kukariri Kilatini, mawazo matamu ya kiroho yalimjaa, akashindwa kushika somo. Akayachunguza, akaona kwamba mawazo hayo hayamjii hivyo hata anapokuwa katika sala au katika Misa. Akatambua kuwa ni kishawishi kilichovaa joho la utakatifu. Alimwomba mwalimu wake waende pamoja katika kanisa la Santa Maria del Mar, na humo akamwahidi kwamba kwa miaka miwili hatakosa kumsikiliza darasani, maadamu anapata Barcelona mkate na maji ya kumtosha kuishi. Ndicho kiwango alichojiwekea: mkate, maji na darasa. Aliona kwamba anayelishwa na watu ili asome, asiposoma amewala watu bure.

Chakula kilichoishia gerezani

Baada ya Barcelona alikwenda Chuo Kikuu cha Alcalá, na mwaka 1527 akafika Salamanca. Alikuwa tayari na wenzake wachache walioishi kama yeye, na wakuu wa Kanisa walikuwa wameanza kumtilia shaka. Nyakati hizo zilikuwa ngumu. Kila mtu aliyesema habari za maisha ya kiroho bila kuwa na elimu ya teolojia alidhaniwa kuwa mzushi. Huko Alcalá alikuwa amekwisha kufungwa kwa siku 42.

Salamanca aliungama kwa padre mmoja Mdominikani wa konventi ya San Esteban. Hazikupita wiki mbili, muungamishi huyo akamwalika kula chakula cha Jumapili pamoja na watawa, ila akamtahadharisha kwamba wangetaka kumuuliza mengi. Inyasi akaenda, akifuatana na mwenzake Calixto. Baada ya kula walipelekwa katika kikanisa, na maswali yakaanza. Waliulizwa wamesoma nini na wanahubiri nini. Inyasi alieleza kwamba wao hawahubiri. Wanazungumza tu na watu kwa urafiki juu ya mambo ya Mungu, kwa mfano baada ya chakula, na wale wanaowaalika.

Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilimfikisha kwenye mtego. Watawa walitaka kujua: kama hana elimu na bado anafundisha juu ya fadhila na dhambi, basi ama ni elimu ama ni Roho Mtakatifu, na iwapo ni Roho Mtakatifu, aeleze. Inyasi akaona mazungumzo yamegeuka, akanyamaza, akakataa kusema zaidi isipokuwa mbele ya wakuu wenye mamlaka ya kumlazimisha. Milango ikafungwa. Alikaa siku tatu katika konventi hiyo, akila bwaloni pamoja na watawa, na karibu kila wakati chumba chake kilijaa watawa waliokuja kumtembelea, baadhi yao wakiwa upande wake. Kisha alipelekwa gerezani, akafungwa mnyororo mmoja na mwenzake. Baada ya siku 22 ilitolewa hukumu: halikuonekana kosa katika mafundisho wala katika maisha yake, lakini alikatazwa kueleza tofauti ya dhambi ya mauti na dhambi nyepesi mpaka asome zaidi kwa miaka minne.

Hakumlaumu aliyemwalika. Alichukua vitabu vyake, akavipakia juu ya punda, akaanza safari ya kwenda Paris kupitia Barcelona.

Paris, na pesa zilizoliwa

Alifika Paris tarehe 2 Februari 1528, mguu kwa mguu, peke yake, katikati ya majira ya baridi. Mwezi uliofuata alimwandikia mama Inés Pascual kumjulisha kuwa amefika salama, na hakumsahau kijana Juan. Barua hiyo ni somo tosha kwa kila mwanafunzi aliye mbali: wenyeji wa jana hawasahauliki kwa sababu tumepata wenyeji wapya.

Kwa kuwa alikuwa amesoma mambo mengi bila msingi, alianza tena sarufi katika Kolegio la Montaigu pamoja na wavulana wadogo. Mfanyabiashara mmoja alimpatia sarafu 25 za dhahabu kwa hati iliyotoka Barcelona. Inyasi, ambaye hakupenda kushika fedha, akamkabidhi Mhispania mmoja aliyeishi naye nyumba moja amtunzie. Yule mtu akazitumia zote. Ilipofika Pasaka, Inyasi hakuwa na kitu.

Akahamia nyumba ya Saint-Jacques, iliyowahifadhi maskini. Alipata pa kulala, lakini nyumba ilikuwa mbali na kolegio. Mlango ulifunguliwa kumekwisha kucha, na jioni alitakiwa awe amerudi saa ya Malaika wa Bwana. Masomo yalianza alfajiri. Mchana alilazimika kwenda kuomba chakula. Kila kipande cha mkate kilimgharimu saa ya darasa. Alijaribu kutafuta kazi ya utumishi kwa mwalimu yeyote ili apate kula na kusoma, asifanikiwe. Hatimaye mtawa mmoja wa Hispania alimshauri aende kila mwaka Flanders, kwa wafanyabiashara Wahispania, akakusanye msaada wa mwaka mzima kwa muda mfupi. Ndivyo alivyofanya, na mara moja akavuka hadi Uingereza.

Katika safari mojawapo, huko Bruges, msomi mkubwa Juan Luis Vives alimkaribisha kula. Ilikuwa Kwaresima, na mazungumzo yakageukia chakula. Vives alikuwa na maoni kwamba kujinyima nyama hakuna uzito mkubwa katika nchi ile, kwani samaki wa Flanders waliopikwa kwa viungo ni watamu vilevile. Hapa Inyasi hakukubaliana naye. Aliona kwamba mwenye uwezo wa kula hivyo anaweza kweli asione ugumu, lakini Kanisa linapoweka sheria ya mfungo linawatazama watu wengi, na wengi hawali hivyo. Inyasi alikuwa mgeni, tena ombaomba, mbele ya mtu aliyejulikana Ulaya nzima. Alikula kwa shukrani, na bado akawakumbuka waliokuwa nje ya chumba kile.

Na yule aliyekula pesa zake? Alipokuwa njiani kurudi Hispania aliugua huko Rouen, akamwandikia Inyasi. Inyasi akatembea siku tatu, pekupeku, bila kula wala kunywa. Alimfariji, akamsaidia kupata meli, akampa barua za kumtambulisha kwa rafiki zake Salamanca. Kwa Inyasi, kuwa na deni kwa watu wema wengi kulimzuia kumdai mmoja aliyemkosea.

Meza ya kupokezana

Mwaka 1529 alihamia Kolegio la Sainte-Barbe, akapangiwa chumba kimoja na vijana wawili: Petro Fabro kutoka Savoy na Fransisko Ksaveri kutoka Navarra. Fabro alimsaidia masomo ya falsafa, naye Inyasi akamsaidia kuutuliza moyo wake uliojaa wasiwasi. Fabro mwenyewe aliacha kumbukumbu kwamba walishirikiana chumba, meza na mfuko wa fedha. Baadaye wakaongezeka Laínez, Salmerón, Rodrigues na Bobadilla.

Laínez anasimulia desturi yao ambayo sisi tunaipenda sana. Kila baada ya siku kadhaa, kila mmoja alichukua fungu lake la chakula, wakaenda kula pamoja katika nyumba ya mmoja wao. Safari nyingine wakaenda kwa mwingine. Hawakuwa na mwenyeji mmoja tajiri. Kila mtu alikuwa mgeni leo na mwenyeji kesho. Tarehe 15 Agosti 1534 vijana hao saba walipanda kilima cha Montmartre, na katika Misa iliyoadhimishwa na Fabro, padre pekee kati yao, wakaweka nadhiri. Kabla ya kanuni, kabla ya hati ya Papa Paulo wa Tatu ya mwaka 1540, palikuwa na vijana waliobebeana chakula.

Mwaka 1535 afya ilimlazimu kurudi kwao Azpeitia kwa muda. Kaka yake alimtaka alale katika nyumba ya ukoo. Inyasi akachagua nyumba ya maskini, na chakula alicholetewa akakila pamoja nao. Mtu aliyekula kwa watu kwa miaka mingi hakuona aibu kufanya hivyo hata mbele ya waliomfahamu tangu utoto.

Deni la shukrani

Tusidhani kwamba mambo ya wafadhili yalikuwa mepesi. Akiwa Paris, mwaka 1532, Inyasi alimwandikia Isabel Roser akikiri kwamba hakuna mtu duniani anayedaiwa naye shukrani kuliko yeye. Isabel alipofiwa na mumewe alikwenda Roma, na siku ya Krismasi mwaka 1545 yeye na wanawake wengine wawili waliweka nadhiri chini ya utii wa Inyasi. Haikuchukua muda, matatizo yakaanza. Inyasi akaona kwamba Shirika, ambalo lilipaswa kuwa tayari kutumwa popote, haliwezi kubeba malezi ya watawa wa kike. Mwaka 1546 akamwondolea nadhiri hiyo. Isabel aliumia. Ukazuka mgogoro wa fedha kati ya upande wake na Shirika, ukafika mahakamani.

Hebu tuone uzito wake. Huyu ndiye mama aliyemlisha alipokuwa hana kitu, na sasa ilibidi amkatalie ombi kubwa kuliko yote. Inyasi hakukana wema aliotendewa. Lakini hakukubali kwamba chakula cha jana kinunue uamuzi wa leo. Kwa neema ya Mungu walipatana. Isabel alirudi Barcelona, akajiunga na konventi ya Wafransisko, akafariki mwaka 1554. Miaka miwili baadaye Inyasi naye aliitwa na Bwana.

Kwetu sisi

Inyasi alipoandika Katiba ya Shirika, aliruhusu makolegio ya wanafunzi yawe na mapato ya kudumu, ingawa nyumba za mapadre zilitakiwa kuishi kwa sadaka. Alijua alichokuwa akifanya. Alikuwa amepoteza asubuhi nyingi akitafuta mkate, hakutaka vijana wake wapoteze zao. Kila mfuko wa mahindi unaoletwa seminarini na Jumuiya Ndogo Ndogo ni asubuhi ya darasa iliyookolewa.

Familia inayomkaribisha frateri wakati wa likizo au mwaka wa uchungaji mara nyingi inachinja kuku ambaye angeuzwa kulipia madaftari ya watoto. Sisi tunaokaribishwa tukumbuke hilo tunaponawa mikono. Tule kilichopo, tusikilize kabla ya kusema, tuwaone watoto, tuwaandikie wenyeji wetu tukiondoka. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, tushike jembe kabla hatujapewa. Kwa mwanafunzi, jembe la kwanza ni kitabu.

Nanyi wazazi na wafadhili wetu, watazameni Isabel na Inés. Hawakujua kwamba mwanafunzi yule mchovu aliyechelewa shule angetangazwa mtakatifu mwaka 1622. Walimwona mtu mwenye njaa ya mkate na ya elimu, wakamsogezea kiti. Tunawaomba mtulishe hivyo hivyo, bila kututaka tuwe mapadre wa nyumba moja, kwa kuwa padre mnayemlea leo ni wa wote.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.